Ligi Ikilala, Watoto Wanabaki Mikononi Mwetu

Juma hili tunaandika juu ya mpira. Tunajua kuna wenye watasema, "Kina mama na mpira, wapi na wapi?" Tunawaomba msome mpaka mwisho, kwa sababu jambo hili limo ndani ya nyumba zetu, kwenye sufuria zetu na kwenye bidoni zetu za maji.

Mechi za shule na za kartie zinaisha masomo yanapofungwa, mwanzo wa mwezi wa saba. Masomo yanafunguliwa tena mwezi wa tisa. Katikati kuna majuma nane ao tisa ya vakansi kubwa, kiangazi kikali, vumbi na upepo wa ziwa. Kochi anakwenda kwenye shamba lake ao biashara yake, maana naye ana watoto wa kulisha. Mipira inafungiwa. Tangu siku ile, hakuna mtu anayeulizwa habari za mwili wa yule mtoto aliyekimbia mwaka mzima. Sisi tunasema kwamba mwenye kuulizwa ni sisi. Wakati wa mechi mtoto ni wa kochi. Wakati wa kiangazi mtoto ni wa nyumba.

Kwa nini jambo hili linatusumbua? Kwa sababu tumeona yanayotokea masomo yakifunguliwa. Mtoto amekaa miezi miwili bila kukimbia, halafu anaitwa kiwanjani na siku ileile anachezeshwa mechi nzima. Ndani ya juma la kwanza mmoja anashika paja, mwingine anavimba goti, wa tatu anatapika pembeni ya kiwanja kwa kukosa pumzi. Watu wanasema amelogwa ao ni mvivu. Mwili wake haukuandaliwa, basi.

Waganga wa michezo wameeleza vizuri namna mwili unavyofanya. Pumzi inayojengwa kwa miezi inaanza kupungua baada ya majuma mawili hivi bila mazoezi. Nguvu za misuli zinakaa zaidi kidogo, lakini nazo zinakwenda. Mchezaji mkubwa wa katikati ya kiwanja anakimbia kilomita 10 mpaka 12 katika mechi moja ya dakika 90. Hata kama watoto wetu wanacheza kwa muda mfupi zaidi, kazi hiyo haiwezi kuanza siku moja kutoka kwenye kulala.

Kiangazi kilichopita tulikaa na kochi mmoja wa kartie, kabla hajakwenda shambani kwake, tukamwomba atuandikie mpango ambao mama ambaye hajawahi kugusa mpira anaweza kuusimamia. Tulikuwa na watoto thelathini hivi, wavulana kwa wasichana, wengi wa miaka 12 mpaka 17. Mpango wake tunauweka hapa, kwa sababu wengi wametuuliza.

Majuma mawili ya kwanza ni ya kupumzika. Kochi alisisitiza neno hilo. Mtoto aliyecheza mwaka mzima ana maumivu madogo madogo ambayo hayasemi. Goti linalouma kidogo na kifundo kilichopinda mwezi wa tano vinahitaji siku za kupona. Atembee, acheze na wenzake, alale. Asilazimishwe kukimbia.

Juma la tatu mpaka la tano ni la kujenga pumzi na nguvu. Siku tatu kwa juma: Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, saa kumi na mbili asubuhi, kabla jua halijawa kali na upepo haujapanda. Wanaanza kwa kutembea kwa haraka dakika kumi. Kisha wanakimbia polepole dakika 15, baadaye 20, kwa mwendo ambao mtoto anaweza kuongea na mwenzake. Akishindwa kuongea, amezidisha. Halafu zinafuata kazi za nguvu, bila chombo chochote: kuchuchumaa na kuinuka, kujishikilia kwa viwiko na vidole vya miguu mwili ukiwa umenyooka kama ubao, kusimama kwa mguu mmoja, kuruka na kutua taratibu. Yote haichukui zaidi ya dakika 45.

Juma la sita mpaka la nane ni la kasi. Mbio fupi za mita 20 ao 30, mara nane, na kupumzika dakika nzima kati ya moja na nyingine. Kukimbia na kugeuka. Halafu mpira unarudi: wanne kwa wanne, kwenye kiwanja kidogo. Siku chache kabla ya masomo kufunguliwa, kazi inapunguzwa ili miguu iwe myepesi.

Kochi alituambia kwamba kazi nyingi za nguvu alizozichagua zinatoka kwenye mpango unaoitwa FIFA 11+, uliotengenezwa na waganga na wataalamu wa michezo kwa ajili ya kuzuia majeraha. Una mazoezi 15, unachukua dakika 20 hivi, na unafanywa angalau mara mbili kwa juma. Ulijaribiwa nchini Norway kwa wasichana karibu 1,900 wa miaka 13 mpaka 17, na matokeo yalitangazwa mwaka 2008: wale walioufuata walipata majeraha makubwa karibu nusu tu ya wenzao. Hapo tuliinua masikio. Hakuna kifaa cha kununua, na mtoto aliyevunjika goti kwetu anasafirishwa mbali kutafuta mpasuaji, kwa barabara tunayoijua wote.

Mchanga wa kando ya ziwa ni mzuri kwa kukimbia, lakini una hila yake. Mchanga mkavu unavuta mshipa wa kisigino. Kwa hiyo tulianza kwa dakika tano tu kwenye mchanga wenye unyevu, ule ulioshikana, na sehemu kubwa ya mbio tulifanya kwenye udongo. Kuogelea hatukuweka kwenye mpango. Kiangazi upepo wa kusini unainua mawimbi, na ziwa letu halina mlinzi.

Sasa tuseme juu ya makipa, maana hao ndio wanaosahauliwa. Kwenye mazoezi mengi ya kartie, kipa anakimbia na wenzake, kisha anasimama golini wenzake wampige mipira mpaka giza liingie. Hiyo ndiyo shule yake yote. Lakini kazi yake ni tofauti. Goli la watu wakubwa lina upana wa mita 7.32 na urefu wa mita 2.44 kwenda juu. Kipa hakimbii kilomita kumi. Anasimama muda mrefu, halafu kwa nukta moja anatakiwa kuruka, kuanguka na kuinuka tena. Anayezoezwa kukimbia peke yake hakuandaliwa kwa hiyo nukta.

Kwa hiyo baada ya mbio za pamoja, makipa wetu walikwenda pembeni dakika 20. Kwanza, miguu: hatua fupi za pembeni bila kuvusha mguu mmoja juu ya mwingine, kisha kuruka na kutua kwa miguu yote miwili. Pili, mikono: mpira kutupwa ukutani na kudakwa, mara ishirini chini, mara ishirini kifuani, mara ishirini juu ya kichwa. Tatu, kuanguka. Hili tuliona kwa macho yetu kwamba hawakuwa wamefundishwa. Walikuwa wanaangukia kiwiko, kiganja na goti. Kochi aliwaanzisha wakiwa wamepiga magoti, kwenye mchanga laini, waanguke kwa ubavu: paja la pembeni, nyonga, ubavu, bega, mikono ikiwa mbele inashika mpira. Baada ya siku kadhaa wakaanguka kutoka kuchuchumaa. Baada ya hapo kutoka kusimama. Hakuna aliyeruhusiwa kuanguka kwenye udongo mgumu wa kiangazi kabla ya kuelewa.

Watoto walikuwa wanasema makipa hawana sifa. Tukawakumbusha Robert Kidiaba, kipa wa TP Mazembe mwaka 2010, timu hiyo ilipokuwa ya kwanza ya Afrika kufika fainali ya Kombe la Dunia la vilabu. Wote wanamjua kwa vile alivyokuwa anarukaruka kwa makalio akifurahia. Wachache wanajua kwamba mwaka 2015, nchi yetu ilipochukua nafasi ya tatu katika Kombe la Afrika kwa penati, aliyekuwa golini ni yeye, akiwa na miaka 39. Mwili haufiki pale bila kutunzwa. Tukawakumbusha pia Lionel Mpasi, tarehe 28 mwezi wa kwanza 2024, alipopiga penati ya mwisho iliyowatoa Misri. Siku hiyo kelele zilisikika mpaka ziwani, na kipa ndiye aliyezileta.

Tumefika kwenye jambo lililotugombanisha sisi kwa sisi: wasichana.

Tulipoandika majina, mama mmoja wetu alisimama akasema, "Binti yangu anateka bidoni tatu kila asubuhi, analima, anatwanga sombe. Mnataka mazoezi gani tena? Mtamuua." Hakuwa anasema uongo. Bidoni ya lita 20 ikijaa ni kilo 20 za maji, na mtoto wa miaka 14 anaipandisha kutoka bombani mara tatu. Mwingine akamjibu kwamba basi binti huyo ana nguvu kuliko wavulana wote na hahitaji kitu. Ikawa kelele.

Muganga wa kituo cha afya, ambaye ni mwanamke mwenzetu, ndiye aliyetutuliza. Alisema mzigo wa kila siku unachosha mwili, haujengi mwili wa mpira. Mazoezi yanapanda kidogo kidogo na yana siku ya kupumzika. Bidoni haina siku ya kupumzika. Shingo na mgongo vinabanwa kila siku kwa namna ileile. Kwa hiyo msichana akiongezewa mazoezi juu ya bidoni, kweli ataumia, na mama wa kwanza ana haki. Lakini dawa yake ni kupunguza bidoni siku ya mazoezi, asiondolewe kiwanjani.

Tukakubaliana hivi: siku zile tatu za mazoezi, maji ya nyumba yanatekwa na kaka zake, ao yanatekwa jioni ya jana na nyumba nzima. Ilikuwa ngumu kuliko mbio zote. Kijana mmoja alifunga bidoni nyuma ya pikipiki ya motari mmoja ili wenzake wasimwone akiibeba. Juma la kwanza nyumba mbili zilikaa bila maji mpaka saa nne. Juma la tatu vijana walikuwa wanakwenda bombani kwa kundi, kwa makelele, wanashindana nani anafika wa kwanza. Hatuwezi kusema kila nyumba imebadilika. Nyingine zilirudia ya zamani masomo yalipofunguliwa. Lakini jambo lilionekana kwamba linawezekana.

Kwa wasichana muganga aliongeza mambo mawili. La kwanza ni goti. Msichana anayecheza mpira anakatika mshipa wa ndani wa goti mara mbili zaidi ya mvulana, ao hata kuzidi. Ndiyo maana kutua baada ya kuruka kunafundishwa: magoti yakunjwe, yasielekeane kwa ndani, na kutua kusiwe na sauti. La pili ni damu. Msichana aliyeanza hedhi anapoteza madini ya chuma kila mwezi, na malaria inaongeza upungufu huo. Akichoka upesi, akawa na kizunguzungu, macho na ulimi vikawa vyeupe, asiitwe mvivu. Apelekwe kupimwa damu.

Na kama kuna baba anayesema mpira wa wasichana hauna mwisho mwema, mwambieni kwamba mwezi wa kumi na moja mwaka 2024 wasichana wa TP Mazembe walichukua Kombe la Mabingwa wa Afrika kule Maroko, wakishinda AS FAR ya palepale bao 1 kwa 0.

Chakula hakikutugombanisha, maana hapo sisi ndio wataalamu. Hatuna nyama kila siku, wala haihitajiki. Ndagala waliokaushwa wanaliwa pamoja na mifupa, na mifupa ile inajenga mifupa ya mtoto. Maharagi, karanga, sombe na lengalenga vinaleta nguvu na damu. Mawese yana vitamini ya macho na ngozi. Bugali peke yake na chumvi hakumtoshi mtoto anayekimbia. Tulichobadilisha ni saa: mtoto asikimbie tumbo likiwa limejaa, wala asikae mpaka jioni bila kula baada ya mazoezi. Uji wenye karanga zilizosagwa unapikwa usiku, asubuhi unapashwa moto, anakunywa akirudi. Na walale mapema. Simu iwekwe kwenye chumba cha mama.

Juu ya maji hatutanii. Sisi wa Baraka tunaijua kolera kwa majina ya watu tuliozika. Mtoto mwenye kiu baada ya mbio atainama ziwani ao mtoni anywe. Kwa hiyo kila mtoto alikuja na chupa yake ya maji yaliyochemshwa ao kutiwa kloro, na asiye na chupa hakukimbia. Siku za kwanza tuliwarudisha wawili nyumbani wakilia. Hawakusahau tena. Mwenye homa naye hakukimbia mpaka apimwe malaria. Mwenye kuharisha alipelekwa kituo cha afya siku ileile.

Tumefika kwenye sababu yenyewe iliyotufanya tuandike.

Vakansi ikianza, vijana wetu wanaitwa na mambo mengi. Wengine wanakwenda Misisi kwenye dhahabu. Wengine wanaitwa na watu wenye silaha, na kila mmoja wetu anajua nyumba ambayo mtoto alitoka hivyo. Mwaka jana kijana mmoja wa kundi letu, mchezaji mwepesi kuliko wote, alikwenda migodini katika juma la nne. Aliahidi kurudi kabla ya masomo. Alirudi mwezi wa kumi na moja, anakohoa, darasa lake limekwisha kwenda mbele. Hatukumwuliza maneno mengi. Mama yake alimwosha na kumlisha.

Na kuna kipa wetu msichana, wa miaka 15. Baba yake alitaka kumpeleka kwa ndugu wa mbali auze duka vakansi nzima, na alipouliza atarudi lini, hakujibiwa. Mama yake alituletea jambo hilo. Tulichagua watatu wenye umri, tukavaa vikwembe vya heshima, tukaenda kumwamkia baba yule. Alitupokea vizuri. Aliuliza, "Mpira utampa nini?" Hatukumwahidi pesa wala Ulaya. Tulimwambia kwamba siku tatu asubuhi tutajua binti yake yuko wapi, mchana atauza ndagala na mama yake, na mwezi wa tisa atakuwa darasani. Alinyamaza muda mrefu, kisha akasema, "Mpaka masomo yafunguliwe. Zaidi ya hapo tutaonana." Masomo yalifunguliwa, binti alikuwa darasani, na Jumamosi alikuwa golini akianguka kwa ubavu kama alivyofundishwa. Mwaka huu tumemwamkia baba tena. Hajatoa jibu.

Kwa hiyo mama mwenzetu, ukimwona mtoto wa jirani anakimbia kando ya ziwa alfajiri, usimcheke. Dakika 45 mara tatu kwa juma hazitoshi kumfanya mtu tajiri. Zinatosha kumpa mtoto sababu ya kulala nyumbani usiku na kuamka nyumbani asubuhi, na akirudi kiwanjani mwezi wa tisa arudi akiwa mzima.

Mwaka huu tunaanza Jumatatu ya juma la tatu la vakansi, saa kumi na mbili, kwenye kiwanja kilekile. Mtoto aje na chupa ya maji, nguo nyepesi na ruhusa ya nyumbani. Watoto wa wageni waliokimbia vita na sasa wanaishi kwetu waje pia, mwili wao nao ni mwili. Tunahitaji mama wawili kila siku wa kukaa pembeni na kuhesabu watoto, mwanzo na mwisho. Si lazima ujue mpira. Ukijua kuhesabu, inatosha.

Na jioni ya Jumapili, msisahau bidoni.